Mama Mita na Mbwa Wanne wa Kaka Yake

Kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kuingia nyua za watu. Alikuwa msoma mita za maji. Kila mwezi alipita nyumba mia nne na kitu, na zaidi ya mia katika hizo zilikuwa na kibao getini kilichoandikwa "Mbwa mkali". Vibao vingine vilisema uongo, vingine vilisema kweli, na nyumba mbaya kuliko zote ni zile zenye mbwa zisizo na kibao. Aliumwa mara tisa. Alama za meno alikuonyesha bila kinyongo, kama mtu anayekufungulia albamu ya harusi: hii ya ugoko ni ya kwa mwalimu mkuu, hii ya kiwiko ni ya kwa muuza mkaa, kijibwa cha ukubwa wa paka lakini roho yake ilikuwa ya simba.

Watu walimwita Mama Mita, naye akaitika, ingawa wanawe wawili walikuwa na majina mengine kabisa.

Kuumwa kule mara tisa kulimfundisha mengi. Alimtambua mbwa anayebweka kwa sababu amechoka kukaa peke yake, na yule anayenyamaza kwa sababu ameshaamua. Alijua kwamba ukikimbia umeshindwa. Na alijifunza kutazama chini kabla ya kutazama mbele, maana nyua za watu zimejaa mashimo ya choo yaliyofunikwa kwa bati bovu, visima visivyo na mfuniko, na kamba za kuanikia nguo zilizofungwa usawa wa shingo. Fimbo yake ilitangulia ikigonga ardhi, kisha mguu ukafuata.

Mwaka aliotimiza miaka hamsini na tatu, zikaja mita zinazotuma namba ofisini zenyewe. Wasoma mita waliitwa, wakapewa soda na barua ya shukrani. Mama Mita alirudi nyumbani saa nne asubuhi, saa ambayo hajawahi kuwapo nyumbani siku ya kazi, akakaa kwenye chumba cha mbele ambamo mumewe, fundi cherehani, alikuwa anashona. Hakuwa na la kufanya. Akaanza kupanga vifungo vya mumewe kwa rangi. Siku ya pili akavipanga kwa ukubwa. Siku ya tatu akavirudisha kwa rangi. Siku ya nne fundi alisimamisha cherehani.

"Mke wangu," alisema, "mimi vifungo vyangu navipenda vikiwa vimechanganyika."

Mama Mita aliinuka, akaenda kukaa nyuma ya nyumba. Hakulia. Aliangalia tu ukuta wa jirani, akahesabu matofali.

Wiki hiyohiyo kaka yake alivunjika paja.

Kaka huyu, mkubwa wake kwa miaka sita, alikuwa mwindaji. Juu ya mashamba ya mahindi kulikuwa na kilima chenye msitu, na msituni humo waliishi nguruwe pori walioyajua mashamba kuliko wenye mashamba. Kila msimu kikundi cha wakulima kiliomba kibali, afisa wa wanyamapori akaja na bunduki yake, na kaka akaja na mbwa wake. Mbwa walimtafuta nguruwe, wakamzingira, wakabweka mpaka afisa afike na kupiga risasi. Kazi haikuwa ngumu. Kilichokuwa kigumu ni kilima. Zamani kilikuwa machimbo ya mawe. Wachimbaji waliondoka, mashimo yakabaki, na miaka ilivyopita nyasi na mimea inayotambaa iliyafunika hivi kwamba ungeweza kusimama hatua moja kutoka ukingoni na usione kitu. Kaka alijivunia kwamba analijua kila shimo. Asubuhi moja, akikimbia nyuma ya mbwa wake, alikutana na lile asilolijua.

Wifi yake, mke wa kaka, ndiye aliyepiga simu.

"Wifi, kaka yako nimeshamlaza, amefungwa plasta mpaka kiunoni. Sasa hawa mbwa nani atawalaza? Mmoja amekula kiatu changu cha kanisani. Njoo uwachukue kabla sijawafungulia geti waende wanakotaka."

Mama Mita alichukua fimbo yake akaenda.

Mbwa walikuwa wanne. Watatu kati yao kaka aliwapa majina enzi alipokuwa hasemezani na majirani, ili kila akiwaita ujumbe ufike: Semeni, Mtachoka na Haiwahusu. Wa nne alikuwa jike mdogo wa rangi ya majivu, aliyepewa jina na wifi kwa sababu alifika nyumbani hapo na sikio lililochanika. Yeye aliitwa Pole. Ukimwita barabarani, watu wazima waligeuka wakajibu, "Asante, tumeshapoa."

Mama Mita alisimama kwenye lango la banda, hakusema neno, hakuwatazama machoni. Aliwasubiri. Semeni alikuja kwanza, akanusa fimbo, akanusa sketi, akakaa chini. Wengine wakamfuata. Wifi alikuwa akichungulia dirishani.

"Mimi wamenizoea mwaka wa pili," alisema. "Wewe dakika mbili."

"Mimi wameniuma ndugu zao," alijibu Mama Mita. "Habari zimewafikia."

Kisha aliingia sebuleni kumwona mgonjwa. Kaka alikuwa amelala kwenye kochi karibu na dirisha, mguu juu ya mito miwili, kilima chote kikionekana mbele yake. Baada ya kupeana pole na kusikia habari za hospitali, Mama Mita alifungua daftari lake la kazini, ambalo bado alitembea nalo.

"Kaka, hawa mbwa wana miaka mingapi?"

"Mkubwa ni Semeni, miaka minne."

"Na wewe umewinda miaka ishirini. Kabla yao walikuwepo wangapi?"

Kaka alianza kuwataja kwa raha, mmoja mmoja, na kila mmoja na kisa chake: aliyekuwa na mbio, aliyekuwa na pua, aliyekuwa mwizi wa mayai. Mama Mita aliandika. Walipofika kumi na tano kaka akaendelea kwa sauti ndogo zaidi. Walipofika kumi na tisa akanyamaza.

"Wako wapi?" Mama Mita aliuliza.

"Kilimani, dada. Mashimo. Mitego ya waya. Wawili nguruwe aliwapasua. Mmoja alikufa kwa joto, alikimbia mpaka saa saba." Kaka aligeukia dirishani. "Ndiyo kazi ilivyo."

Mama Mita alilifunga daftari. Miaka ishirini na sita, wasoma mita kumi na wawili, hakuna aliyekufa uani kwa mtu. Hakulisema hilo. Alisema tu, "Msimu huu nitawatembeza mimi, mpaka upone."

Kaka alicheka mpaka paja likamuuma.

Kesho yake asubuhi alianza na filimbi. Akiwa hatua kumi kutoka kwa mbwa, alipuliza mara mbili, na aliyekuja alipata kipande cha samaki mkavu. Halafu hatua ishirini. Halafu kutoka upande wa pili wa nyumba. Halafu wakati paka wa jirani anapita juu ya ukuta, jambo lililohitaji siku tano na samaki wengi. Semeni alielewa siku ya kwanza. Haiwahusu na Pole wakafuata. Mtachoka alikuwa mtihani. Akiwa hana shughuli alikuja mbio kuliko wote, lakini akishanusa kitu, masikio yake yalifungwa kama dirisha la ofisi saa ya chakula.

Wiki iliyofuata alipanda kilima bila mbwa hata mmoja. Alikwenda na yule afisa wa wanyamapori, ambaye kila mtu alimwita Bwana Nyama, kijana mpole mwenye miguu mirefu aliyekuwa akijificha akivuta sigara. Bwana Nyama alidhani watatembea asubuhi moja. Walitembea asubuhi tisa. Mama Mita alikisoma kilima kile kama mtaa mpya aliopewa na ofisi. Fimbo iligonga, mguu ukafuata. Palipolia tupu alisimama, akapiga magoti, akafunua majani, akaandika. Alipata mashimo thelathini na moja. Alipata mitego ya waya kumi na minne, ambayo Bwana Nyama aliikata kwa koleo na kuitia mfukoni akilaani wenyewe. Alipata miti iliyooza inayosubiri upepo, mizinga ya nyuki ndani ya ufa wa mwamba, na mteremko wa mawe yaliyolegea uliokuwa ukiteleza ukiukoholea tu.

Kila penye hatari alifunga kitambaa. Vitambaa vilitoka kwenye mabaki ya mumewe, ambaye mwezi huo alikuwa akishona sare za shule. Chekundu kilimaanisha hapapiti mtu wala mbwa. Cha njano kilimaanisha mbwa apite akiwa kwenye kamba.

"Mama," Bwana Nyama alimwambia siku ya tisa, akikaa juu ya gogo kufungua kiatu, "nimefanya kazi kilima hiki miaka mitatu. Leo ndiyo naogopa kupita."

"Vizuri," alisema Mama Mita. "Ulichelewa."

Mwenyekiti wa kikundi cha wakulima hakupenda kabisa. Alikuwa mtu wa haraka, aliyekula amesimama na kuongea akiondoka. Kwenye mkutano chini ya kilima, kwenye kibanda cha kuhifadhia majembe, alimngojea Mama Mita amalize kuonyesha ramani aliyoichora, kisha akashika kiuno.

"Mahindi yanaliwa, na wewe unafunga tepe. Tunaenda kuwinda au tunaenda kwenye arusi?"

"Mwaka jana mliwinda bila tepe," Mama Mita alisema. "Nguruwe waliingia shambani kwako mara ngapi?"

"Mara sita."

"Nipe wiki moja basi. Na naomba ngazi ile ya ghalani, kamba mbili ndefu, na magunia."

"Ngazi ya nini? Nguruwe wanakaa juu ya miti siku hizi?"

Watu walicheka, hata Mama Mita. Lakini ngazi ilibebwa.

Nyumbani, fundi cherehani alikuwa amepewa kazi yake. Mkewe alitaka vizibao vya turubai nene vya kuwakinga mbwa kifua na tumbo dhidi ya miiba na meno ya nguruwe. Fundi aliwapokea mbwa kwenye chumba cha mbele mmoja mmoja, akapiga magoti na utepe wake wa kupimia, akawasemesha kama alivyowasemesha wateja wote.

"Kifua, inchi ishirini na sita. Mzee Semeni, umenenepa au umezaliwa hivi? Haya, geuka." Kwa Pole aliacha nafasi kidogo mbavuni. "Huyu bado anakua," alimweleza mkewe. "Nisimbane."

Vizibao vilifungwa kwa kishikizo kimoja kilichofunguka kikivutwa kwa nguvu, ili mbwa akinaswa na mti ajinasue. Shingoni kila mbwa alivishwa njuga, na njuga hizo hazikulia sawa. Semeni alilia kwa sauti nene, Pole kwa sauti nyembamba kama kijiko ndani ya glasi. Mama Mita alikaa nyuma ya nyumba amefumba macho mbwa wakizunguka, mpaka akaweza kusema nani yuko wapi bila kufungua.

Siku ya msako walianza kulipokucha, umande ukiwa bado majanini. Wapiga madebe wa kuwatisha nguruwe walipangwa chini, Bwana Nyama juu kwenye njia pekee ambayo nguruwe wangeweza kutokea, na kila mtu aliambiwa asihame alipowekwa hata akimwona nguruwe amebeba mkoba. Mbwa waliachiwa wawili wawili, wawili wakifanya kazi, wawili wakipumzika kivulini na maji. Kaka alikuwa kwenye kochi lake dirishani na darubini ya kuazima, na simu.

Simu ililia kabla hata ya mbwa wa kwanza kuachiwa.

"Mbona wawili? Waachie wote."

"Kaka, kunywa chai."

Saa moja ya kwanza ilikwenda vizuri kuliko hata alivyotarajia. Semeni na Mtachoka walimtoa dume mkubwa kwenye kichaka, wakamzingira kwa mbali, wakabweka bila kumrukia. Mama Mita alipuliza filimbi, mbwa wakarudi nyuma, na Bwana Nyama akapiga risasi moja kutoka mahali salama. Mwenyekiti, aliyekuwa na debe lake chini, aliuliza mara tatu kama ni kweli imekwisha namna hiyo, bila kelele.

Kisha kutoka kichaka kilekile akachomoka jike na watoto wake, akapanda kuelekea machimbo. Mama Mita alipuliza. Semeni akageuka. Mtachoka hakugeuka. Njuga yake ilipita kitambaa cha njano, ikapita chekundu, ikaenda ikififia. Halafu ikakatika ghafla. Watu wote walisimama. Na baada ya kimya ambacho Mama Mita alisema baadaye kilikuwa kirefu kuliko mwezi, njuga ikalia tena, polepole, kutoka chini ya ardhi.

Simu ikalia.

"Ameanguka," kaka alisema. Sauti yake haikuwa ya utani tena. "Nimeona majani yakizama. Dada, mtume mtu mbio ashuke kwa kamba kabla mbwa hajafa."

"Hakimbii mtu," Mama Mita alisema. "Wewe ulikimbia."

Alimfunga Semeni kamba, akamkabidhi mwenyekiti wale mbwa watatu akae nao kibandani, wasibweke juu ya shimo na wasiongeze balaa. Yeye alitangulia na fimbo, nyuma yake Bwana Nyama na wakulima wanne na ile ngazi. Walikwenda kwa mwendo wa maharusi. Hatua nne kutoka shimoni fimbo ilitoa sauti aliyoijua, akainua mkono. Waliilaza ngazi chini ili ibebe uzito wa mtu, na Mama Mita akatambaa juu yake kifudifudi mpaka akaweza kuchungulia.

Shimo lilikuwa na kina cha watu wawili na nusu, kuta zake jiwe tupu. Alimulika tochi ya simu. Aliona macho mawili. Akamulika upande wa pili, akaona mengine mawili.

"Bwana Nyama," aliita bila kupandisha sauti, "humu ndani kuna wageni wawili."

Kwenye kona moja alikuwa amekaa Mtachoka, mguu mmoja wa mbele ameuinua. Kwenye kona ya pili alikuwa amekaa mtoto wa nguruwe mwenye mistari mgongoni, mdogo kama kuku. Walikuwa wakitazamana kama watu wawili waliokutana kwenye foleni ya daktari.

Ukingo ulikuwa mbovu. Kila mtu mzito aliyeusogelea aliporomosha kokoto, na kila kokoto zilipoanguka Mtachoka alinguruma kwa hofu na maumivu. Alihitajika mtu mwepesi, na mtu ambaye mbwa yule asingemuuma. Mama Mita alikuwa anajitazama kiuno, akiona hesabu haitoki, aliposikia sauti nyuma yake.

"Chupa ya chai nimeiacha kibandani. Mbona mmekaa kama msibani?"

Alikuwa wifi. Alisema alikuja kuleta chai tu. Lakini alikuwa amevaa raba, na alikuwa amepanda kwa kufuata vitambaa, bila kukosea hata kimoja. Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, ambaye kwa miaka ishirini alikuwa akilalamika kuhusu mbwa, na kwa miaka hiyohiyo ishirini ndiye aliyewapikia. Alipoongea, mkia wa Mtachoka uligonga jiwe kule chini.

Wote walimgeukia.

"Msinitazame hivyo," wifi alisema.

"Wifi," Mama Mita alisema, "wewe ndiye mwepesi kuliko sisi wote."

"Huyo ndiye aliyekula kiatu changu."

"Basi ukifika chini umwambie."

Kamba ya kwanza ilifungwa kwenye mti mzima ambao Mama Mita aliugonga na kuutikisa mwenyewe, ikazungushwa kiunoni na mapajani mwa wifi kama kiti. Kamba ya pili ilishikwa na wakulima wawili waliokaa chini, miguu imeegemea mwamba. Bwana Nyama alisimama na bunduki akiangalia mteremko, maana mama wa yule mtoto alikuwa karibu, na mtoto akilia mama angerudi. Ndipo wifi akateremshwa, akilalamika njia nzima kuhusu viatu, kuhusu ndoa, na kuhusu ukoo wa mumewe kwa jumla.

Chini, sauti yake ilibadilika. Walimsikia akisema, "Njoo, baba. Njoo hapa. Unaumwa wapi?" Alimtia Mtachoka ndani ya gunia mpaka shingoni, akafunga, akatikisa kamba. Mbwa alipanda kama mtoto mgongoni, njuga ikilia kidogo kidogo.

"Sasa huyu mwingine?" wifi aliuliza kutoka chini.

Bwana Nyama alifikiri. "Ukimwacha atakufa kwa njaa."

"Kwani nimesema nimwache? Leteni gunia."

Alimtupia mtandio wake, akamkumbata. Mtoto wa nguruwe alipiga kelele iliyofika mpaka kwenye kochi la kaka. Juu, kichaka kilitikisika, na jike alitokea upande wa pili wa mteremko, manyoya ya mgongo yamesimama. Bwana Nyama aliinua bunduki lakini hakupiga. Mama Mita alisema watu wote wakae kimya na wasisogee. Gunia lilipofika juu alilikokota kwa ncha ya fimbo mpaka mwanzo wa mteremko, akalifungua mdomo, na wote wakarudi nyuma taratibu, nyuso mbele. Mtoto alitoka, akapiga chafya, akakimbia na mtandio wa wifi umemning'inia mguuni. Jike alimnusa, akageuka, wakapotea upande wa pili wa kilima ambako hakuna shamba la mtu.

Wifi alipotolewa alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Waliporudi kibandani alikaa chini, akanywa chai yake mwenyewe, akasema mtandio ule ulikuwa zawadi ya dada yake. Kisha akatoa kitu mfukoni. Ulikuwa mkanda wa shingo wa ngozi, mkavu kama ganda, na kipande cha shaba chenye alama aliyoijua.

"Ulikuwa kwenye kona," alimwambia Mama Mita. "Na mifupa kidogo. Ni wa yule mwizi wa mayai."

Ilikuwa saa tatu na nusu. Mama Mita alisema msako umekwisha, joto linaingia. Mwenyekiti alitaka kusema kitu, akautazama uso wake, akabeba ngazi.

Daktari wa mifugo alikuta mguu wa Mtachoka umeteguka, haukuvunjika. Kizibao kilikuwa kimechanika kifuani mahali jiwe lilipopita, na ngozi chini yake ilikuwa nzima. Fundi cherehani alikitazama kizibao kile kwa muda, akatia kidole kwenye tundu, akashona kiraka. Jioni alimwomba mkewe amsaidie kupanga vifungo.

Mkanda wa ngozi wifi aliupeleka sebuleni, akauweka juu ya mto karibu na mkono wa mumewe, akaenda jikoni. Kaka aliushika. Mama Mita, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha upande wa pili, hakumwangalia.

"Nilimtafuta siku mbili," kaka alisema mwishowe. "Nilimwita mpaka sauti ikakauka. Kumbe nilipita hatua chache tu kutoka alipokuwa."

"Usingeweza kujua, kaka."

"Wewe ulijua."

"Mimi nilimsikia Mtachoka. Alikuwa na njuga." Aliegemeza fimbo ukutani. "Na nimekwenda polepole. Basi."

Kaka aliurudisha mkanda juu ya mto. Baadaye alimwomba daftari, akalisoma ukurasa kwa ukurasa, mashimo yote thelathini na moja, akilowesha kidole kila alipofunua. Kwenye ukurasa wa mwisho alichukua kalamu akaongeza matatu aliyoyajua yeye, upande wa kijito, ambako fimbo ya Mama Mita haikuwa imefika.

Msimu ule walifanya misako saba. Nguruwe tisa walipigwa, na waliobaki walijifunza kukaa upande wa pili wa kilima. Semeni alichomwa na mwiba kwenye kitanga cha mguu, Haiwahusu aliumwa na nyuki puani akatembea siku mbili na uso wa bondia, na Pole alianza kukua mpaka kizibao kikambana kweli. Hakuna aliyebaki kilimani. Kikundi cha upande wa mashariki, chenye kilima chao na matatizo yao, kilituma watu kumwomba Mama Mita aende na mbwa. Aliwajibu atakwenda, lakini wiki mbili za kwanza mbwa watabaki nyumbani. Mjumbe mmoja alidhani amesikia vibaya. Mwenyekiti, aliyekuwepo, ndiye aliyemweleza, kwa mkato na akiondoka, kwamba ukitaka nguruwe lazima kwanza ufunge tepe, na wala wasisahau ngazi.

Wifi naye hakuacha kulalamika. Alilalamika kwamba mbwa wanamaliza chakula, kwamba wanaleta matope, kwamba Mtachoka sasa anamfuata mpaka chooni. Asubuhi za msako alikuwa wa kwanza kuvaa raba.

Kaka alirudi kilimani mwezi wa tano baada ya kuvunjika, na gongo moja. Alipanda taratibu mpaka kibandani, akitoa jasho, akakuta kila mtu ameshapangwa mahali pake na dada yake amesimama mlangoni na filimbi shingoni, akikagua nyayo za Haiwahusu moja baada ya nyingine. Watu walimgeukia, kwa sababu kwa miaka ishirini yeye ndiye aliyekuwa akisimama pale.

Kaka alisafisha koo.

"Dada," alisema, "mimi nisimame wapi?"

Mama Mita alimaliza mguu wa mwisho, akamwachia mbwa, akafungua daftari. Alimwonyesha gogo lililokuwa kivulini, karibu na maji, ambapo mtu angeweza kusikia bonde zima. Akamwambia kazi yake ni kusikiliza njuga, na kumpigia simu mara moja akisikia moja imekatika. Kaka alikwenda, akakaa, akanyoosha mguu. Baada ya dakika kumi simu ililia.

"Pole yuko kushoto kwako," kaka alisema. "Mwenzake simsikii vizuri. Mwambie mwenyekiti aache kuongea."